Mbigili, godoro bovu na jiwe la figo

Nilipohamia Mabogini, huku tambarare ya Moshi, mtu wa kwanza kuzoeana naye alikuwa fundi baiskeli. Wiki moja pancha nne! Kila mara alichomoa kitu kilekile kwenye tyubu: kipande cha tunda la mbigili, kikavu, kigumu kama mfupa, na miiba miwili mirefu kama pembe za mbuzi. Tunda moja hupasuka vipande vitano, na kila kipande kikianguka kuna mwiba unaotazama juu.

Kiwanja changu kilikuwa kimejaa. Mbigili hutambaa chini kutoka kwenye mzizi mmoja, mashina yakienda kila upande, na asubuhi hutoa maua madogo ya njano mazuri kabisa. Usidanganyike, hayo maua ndiyo miiba ya wiki zijazo. Nilijifunza kukata mzizi kwa jembe mapema, kabla tunda halijakauka. Yaliyokwisha kudondoka ndiyo yalinitoa jasho. Fagio halikuyaweza. Mwishowe nikachukua godoro bovu la sponji, nikaweka tofali mbili juu, nikaliburuta uwanja mzima huku nimevaa katambuga. Nilipoligeuza lilikuwa nungunungu.

Nikiwa nawasha moto, bibi jirani akaita kutoka uani kwake, "Usiyachome yote, mwanangu, nibakizie makavu." Yeye huyachemsha kwa mtu anayekojoa kwa shida au mwenye mawe ya figo. Wahindi nao wana dawa hiyohiyo tangu zamani, wanaiita gokhru. Vile vidonge vya mbigili vya nguvu za kiume ni habari nyingine. Wanaume waliopimwa baada ya kuvimeza hawakuonekana kupanda homoni, kwa hiyo hela yangu siitoi.

Miezi michache baadaye ubavu ukanikamata usiku, nikajikunja sakafuni kama mtoto. Altrasaundi ikaonyesha jiwe la milimita 4. Daktari akanipa dawa ya maumivu, akasema jiwe dogo hivyo mara nyingi hutoka lenyewe, ninywe maji mengi. Nilimwuliza wazi kuhusu mbigili. Akaniambia nisichanganye na dawa zake, na nikipata homa au mkojo ukikataa kutoka, nirudi siku hiyohiyo. Nilimtii, hasa kwa kuwa kondoo wakila mbigili kwa wingi wanaweza kuharibika ini, wakavimba uso na kuungua na jua.

Siku ya tisa likatoka, dogo kuliko punje ya mchele. Nikaenda kwa bibi.

"Shikamoo bibi. Limetoka."

"Marahaba. Si nilikwambia mbigili!"

"Sikunywa, bibi. Ni maji tu."

Akanitazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe. Nyuma ya choo nimemwachia kona yake ya mbigili. Baiskeli naipitishia upande wa pili.