London: laini ya kijani ikikupeleka siko, fanya hivi

Naandika hii kwa yeyote wa hapa Mombasa atakaetumwa London kikazi, maana mie nishapumua sasa. Hoteli tuliyowekwa ilikuwa Ealing, mafunzo karibu na Westminster, nikaambiwa panda treni ya laini ya District, ile ya kijani kwenye ramani, moja kwa moja. Jioni napanda ya kijani najikuta Wimbledon, jioni nyengine Richmond, mwisho wa reli kabisa na baridi ile, wallahi ilinichosha.

Ramani ya simu nilijaribu, huko chini netiwaki yakatika. Watu nao jibu ni lile lile, kijani.

Kumbe laini hio rangi moja lakini yagawanyika matawi. Huku kwetu makanga atakwita Mtwapa Mtwapa mpaka ukae, kule wasoma mwenyewe, pale unaposubiri pana ubao wa taa juu na treni yenyewe imeandikwa usoni inakoishia. Basi nikawa natazama jina hilo la mwisho tu, Ealing Broadway, ndio kituo changu, ikija ya Wimbledon naiwacha ipite hata iwe tupu.

Na kama ushapanda isiyo yako usitoke getini. Ya Wimbledon shuka Earl's Court, ya Richmond shuka Turnham Green, alafu subiri yako hapo hapo. Maadamu hujatoka nje, hukatwi nauli mara ya pili.