Hilo daftari usitupe kwanza

Juzi binti yangu alikuwa anasafisha meza yake, mitihani ya AP ya mwezi wa tano, ile ya Marekani ya kiwango cha chuo wanayofanya wanafunzi wa sekondari, imeisha na mtoto anajiona huru, nasikia tu vitu vinaingia kwenye mfuko wa taka, pwaa, pwaa. Mara kanitokea na daftari la maabara la kemia, kalishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Mama, na hili nitupe?" Wee! Nilimpokonya hata hajamaliza kuuliza. "Si alama zinatoka Julai mtandaoni, hili la nini tena?"

La nini. Haya.

Mwenzenu kwenye AP ya kemia nilipata 4. Enzi zetu matokeo yalikuja kwa barua, alama ni 1 mpaka 5, 3 tayari unahesabiwa umefaulu, kwa hiyo na 4 yangu nilijiona profesa. Chuo kikaipokea, krediti, zile pointi za masomo unazokusanya mpaka uhitimu, zikaingia kwenye rekodi yangu kabla hata sijakanyaga darasani, nikasema sayansi kwaheri ya kuonana, nikajisomea historia yangu kwa raha zangu miaka mitatu na nusu. Sikuuliza kitu. Ningeuliza nini na krediti naziona kwa macho?

Semesta ya mwisho nikaenda kwa mshauri wa masomo anisainie fomu ya kuhitimu, kazi ya dakika tano, koti hata sikuvua. Akaprinti ile karatasi ya kukagua digrii akawa anashuka na kalamu mstari kwa mstari, uandishi tiki, lugha tiki, hesabu tiki, na mimi nimeshachungulia jumla kule chini: zinatakiwa 120, ninazo 121. Kalamu ikasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mstari wa sayansi yenye maabara ulikuwa mweupe. Kemia yangu ilikuwa imejikalia chini kabisa kwenye masomo ya hiari, kwenye jumla inahesabika ila pengo haizibi.

"Si krediti ni krediti?"

Akanieleza taratibu, nadhani sikuwa wa kwanza kumuuliza, kwamba wenye mtihani wao wanatoa alama tu, alama hiyo inageuka nini ni chuo kinaamua, na chuo kikishaamua bado idara nayo ina yake. Mtihani ni wa karatasi, unaonyesha kemia unaijua, hauonyeshi kama uliwahi kushika chupa ya tindikali. Ushahidi wao wa kushika chupa ni daftari. "Lako unalo?"

Nikaliona. Yaani palepale, jalada jeusi, kona moja imeliwa na tindikali, na ule ukurasa wa jaribio la kudondosha besi tone kwa tone mpaka maji yapate upinki wa mbali, ukizidisha tone moja tu yanakuwa pinki ya kupigia kelele na unaanza upya. Pembeni mwalimu kaandika kwa wino mwekundu "safi sana". Halafu nikaiona na ndoo ya taka, wiki ile tumemaliza shule, nikilishindilia kwa mguu ili mfuniko ufunge.

"Liko nyumbani," nikasema. Uongo ule sijui ulitoka wapi. Na alivyofurahi, jamani! "Basi niletee Jumatatu."

Jumatatu nikaenda kuungama. Kilichofuata mnakijua, kiangazi kizima nasoma kemia ya mwaka wa kwanza na watoto wa miaka 18, wenzangu wameshavua majoho wanatafuta kazi.

Nilimsimulia binti yote hayo pale mlangoni, nimekumbatia daftari lake. Nikaona nimalizie na kile ambacho huwa nakiruka, kwamba siku ya kwanza maabara walitupa jaribio lilelile la tone kwa tone. Nikazidisha. Mara mbili.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo idara walikuwa sahihi?"

Nikamwambia akamalizie kusafisha. Daftari liko juu ya kabati langu, Julai haijafika, na akipata 2 sijui nitalifanyia nini.