Filamu ya mama na taa: wiki ya sita

Kwa anayeanza kufuatilia leo: natengeneza filamu fupi ya dakika kumi na mbili kuhusu mama anayeanika dagaa Igombe, kando ya Ziwa Victoria huku Mwanza, na mwanawe aliyeingia ziwani usiku akachelewa kurudi. Hadithi ni hiyo tu. Mama anaigizwa na mama yangu mdogo, ambaye kazi ya dagaa ameifanya tangu sijazaliwa. Kamera nimeiazima kwa shemeji anayepiga picha za harusi, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili hainihusu.

Wiki iliyopita niliwaonyesha watu wa nyumbani rasimu ya kwanza. Mama analia, kinanda kinalia, kamera inamsogelea usoni pole pole. Jirani yetu mmoja, mzee aliyevua miaka mingi, alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa huyu mama analilia nini, na jua bado halijapanda?" Swali lake limekaa nami wiki nzima. Nilikuwa nimewaagiza watu wahuzunike kabla sijawapa cha kuhuzunikia. Sehemu hiyo nimeifuta yote, na kinanda chake.

Ndipo nikarudi kwa Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi aliyefanya jaribio lake miaka zaidi ya 100 iliyopita. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia usioonyesha jambo, akaiunganisha mara na sahani ya supu, mara na mtoto aliyelala kwenye jeneza, mara na mwanamke. Waliotazama walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, majonzi na tamaa. Uso ulikuwa ule ule. Jaribio hili nililisoma zamani nikaamini nimelielewa, lakini sikuwahi kulifanya kwa mikono yangu.

Jumanne nikalifanya. Nilimkuta mama mdogo mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, tangu alfajiri. "Mwangaluka, mayo," nikamwamkia, nikamwomba akae juu ya jiwe, atazame ziwani, asiigize kitu.

"Niwaze nini, mwanangu?"

"Hesabu mitumbwi tu, mama."

Akahesabu. Nikapata sekunde kumi na moja za uso wake, midomo ikicheza kidogo kwa hesabu, vumbi la dagaa limeshika kwenye nyusi. Nyumbani nikaunganisha sekunde hizo na picha tatu: chanja tupu, maji matupu hadi yanapokutana na anga, na ndala za kijana alizoziacha kando ya jiwe alipopanda mtumbwi peku. Kwa chanja, mke wangu alisema huyu mama anawaza ada. Kwa maji, alisema anasubiri mtu. Kwa ndala hakusema kitu, na dada yangu aliyekuwa anapepeta mchele akaacha kupepeta.

Kwa hiyo ndala ndizo zimekuwa moyo wa filamu, na nimezipigania siku mbili nzima. Mara ya kwanza nilizipiga nikiwa nimesimama. Zikaonekana ndala tu, kama zilizosahaulika mlangoni. Mara ya pili nililala chini, lenzi ikawa sawa na mchanga, ziwa likakaa nyuma yao. Zikawa kubwa kama mitumbwi miwili. Nilizipenda sana jioni hiyo, na asubuhi nikazikataa. Kamera ikilala chini, kitu kinatukuka, na hapa hakuna anayezitukuza ndala. Kuna mtu mmoja tu anayeziona. Mara ya tatu niliiweka kamera pale pale kilipokuwa kichwa cha mama mdogo alipokaa. Hapo tukawa tunaazima macho yake. Mkanda wa ndala ya kushoto umekatika na kuungwa kwa waya, waya wenyewe umekunjwa ndani vizuri usichome mguu. Kijana huyu hasemi neno lolote katika filamu yangu, lakini waya ule umeshasema ni mtu wa namna gani.

Kosa moja lilinigharimu asubuhi nzima. Mtumbwi unaondoka ukielekea kushoto kwa mtazamaji. Siku iliyofuata nilihamia upande wa pili wa jiwe kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri kule, na kwenye picha mama akawa anatazama kulia wakati ziwa tumeshalizoea kushoto. Ukitazama unaona kama amempa mwanawe mgongo. Ipo mistari ambayo kamera haitakiwi kuivuka bila sababu, na huu kati ya mama na ziwa nimeuchora sasa kwa chaki kwenye jiwe lenyewe.

Mwanga wenyewe hauna subira. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua linapanda karibu wima. Ule mwanga laini unaolala ubavuni na kuonyesha kila kunyanzi usoni hukaa dakika chache, kisha kila kitu kinakuwa cheupe na vivuli vya macho vinakuwa mashimo. Ndiyo maana tunakuwa tumeshajipanga saa kumi na mbili kasoro, kabla ya jua. Saa mbili tunafunga kamera, mama mdogo anaendelea na kazi yake.

Kanga. Hili nilidhani nimelipatia. Nilimvalisha kanga yenye maandishi "Subira huvuta heri", nikajiona nimepata njia ya kwetu ya kubeba maana. Kweli kanga inasema, na mwanamke anaweza kutoa ujumbe mtaani bila kufungua mdomo. Lakini kwenye skrini watu walisoma kanga wakaacha kusoma uso. Sasa anavaa kanga yake ya kazini, maandishi yamefutwa na jua mpaka hayasomeki, na kwenye ncha amefunga noti kwa fundo. Fundo hilo analigusa mara mbili bila kulitazama. Sikumwelekeza, ni mazoea yake, na mara zote mbili nimeziacha.

Sauti ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Nilipofuta kinanda nikabaki na maji yanayopiga mawe, yangeyange, na dagaa wakavu wanapogeuzwa, mlio kama wa majani makavu. Nimerekodi vyote kwa simu niliyoiviringishia soksi ya sufu kuzuia upepo, ndege zinazotua uwanja wa Mwanza zikinikatisha mara kwa mara. Kisha nikajaribu kuitanguliza sauti ya injini mbele ya picha ya boti. Tunabaki na uso wa mama, injini inasikika mbali, mkono wake unasimama juu ya dagaa. Wanawake wa mwaloni wanaijua injini ya mtu wao kwa mlio. Injini inakaribia. Mkono unaendelea kugeuza dagaa. Boti hatujaiona bado, na tumeshajua siyo yenyewe.

Iliyobaki ni taa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Nimejifunza kwa Ousmane Sembène wa Senegal jinsi kitu kimoja kinavyoweza kubeba filamu. Katika La Noire de… ya mwaka 1966, kinyago kinaanza kama zawadi ya msichana kwa waajiri wake, kinatundikwa kwenye ukuta mweupe Ufaransa, na mwishoni kinarudi Senegal usoni mwa mtoto. Kinyago hakibadiliki, ila kila kinapokaa kinauma kwa namna nyingine. Taa yangu nitaionyesha mara tatu. Mchana, kijana anapoifuta kioo kwa shati lake. Usiku, ikiwa nukta moja kati ya nukta nyingi majini, na mama hana njia ya kujua ipi ni ya kwake. Na mwisho asubuhi, jua limeshatoka, ikiwa bado inawaka.

Nukta za usiku ndizo zimenikwamisha. Nilijaribu wiki mbili zilizopita na mbalamwezi ikaliangaza ziwa lote. Tena wavuvi wengi walikuwa wamepumzika, taa zilikuwa nne tu. Giza linaanza tena Alhamisi. Nimeongea na mjomba mwenye nyumba juu ya mawe, ameniruhusu nilale kwenye baraza lake. Shemeji naye ameniachia kamera mpaka Ijumaa jioni.