Chupa za mkojo za wodi yetu

Mashine ya kupima kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikilegea, iliharibika. Hata ilipokuwa nzima, majibu yalitoka kesho yake. Mimi ni muuguzi, na kilichonigutusha ni mgonjwa aliyelazwa kwa kuharisha. Siku tatu tulimwandikia "anaendelea vizuri", kumbe hakojoi. Figo zikishindwa hivi, mara nyingi haziumi. Tulishtuka uso ulipovimba na pumzi kumbana, na huduma ya kusafisha damu iko mbali.

Mwongozo wa 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unasema mkojo ukiwa chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, saa 6 mfululizo, figo tayari zimedhurika. Kwa mtu wa kilo 60 ni chini ya mililita 180. Basi nikakusanya chupa tupu za maji, nikazitia alama za mililita kwa kupimia bomba la sindano, nikampa kila anayeharisha, mwenye maambukizi makali, na anayechomwa gentamaisini, dawa ya bakteria inayoweza kudhuru figo.

Wiki ya kwanza karatasi zilijaa sifuri za uongo. Wanaume waliona haya, wakaenda kukojoa chooni. Wengine waliokojoa kwenye chupa, ndugu zao walimwaga kabla sijaandika. Nilipomweleza mama mmoja aliyemuuguza mwanawe, alicheka:

"Mwanangu, ungesema mapema unachunguza figo. Mimi nilidhani hutaki wodi inuke!"

Kuanzia hapo niliwaeleza wanaouguza, si wagonjwa peke yao, na mama yule akawa mlinzi wa chupa za vitanda vya jirani.

Usiku mmoja chupa ya mwanawe, kijana wa kilo 55, ilikuwa na mililita 90 tangu saa sita usiku hadi alfajiri. Daktari wa zamu alitaka tusubiri mpaka kreatinini iweze kupimwa. Nikamkumbusha kwamba kreatinini hupanda kwa kuchelewa. Akaja, akapapasa kibofu kuhakikisha mkojo haujazibwa njiani, akasimamisha gentamaisini na diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo nayo huweza kudhuru figo, akaanzisha dripu huku akisikiliza mapafu kila mara, maana maji yakizidi nayo huua. Jioni chupa ilifika mililita 300. Mama alinionyesha kabla hata sijamsalimia.

Mashine imetengenezwa. Chupa bado tunazo, ila wino wa alama hufutika, kwa hiyo kila Jumatatu nazichora upya.