Folkestone hadi Arras, Nikimfuata Walter Tull

Nilianzia Folkestone, Kent, alikozaliwa Walter Tull, mwanasoka mweusi wa Uingereza aliyekuja kuwa ofisa na kuuawa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, tarehe 28 Aprili 1888. Baba yake, Daniel, alikuwa seremala kutoka Barbados. Mama yake, Alice, alikuwa wa hukohuko Kent. Wote wawili walifariki Walter akiwa bado mtoto, naye pamoja na kaka yake Edward wakapelekwa kwenye kituo cha yatima cha Wamethodisti, Bethnal Green, London. Soka lake lilianzia huko: Clapton, kisha Tottenham Hotspur mwaka 1909, na mwaka 1911 Northampton Town, chini ya kocha Herbert Chapman. Northampton alicheza mechi zaidi ya 100, na mnara wa kumbukumbu yake uko nje ya uwanja wa Sixfields tangu 1999.

Treni zinazopita chini ya bahari hapo Folkestone hubeba magari tu. Mtu wa miguu arudi London, kituo cha St Pancras, apande treni ya Eurostar hadi Lille, Ufaransa, kama saa moja na nusu hivi. Utashukia Lille Europe, lakini treni nyingi za mkoa za kwenda Arras huondokea Lille Flandres, jirani tu, dakika chache kwa miguu. Usikae ukisubiri pale uliposhukia.

Kutoka stesheni ya Arras nilikatiza mji kuelekea magharibi, kiasi cha kilomita mbili, mpaka makaburi ya Faubourg-d'Amiens karibu na ngome ya Vauban. Wageni wengi hupotezea muda hapa. Wanapita safu kwa safu kwenye mawe ya makaburi wakimtafuta Tull, na hawampati, kwa sababu hana kaburi linalojulikana. Jina lake limo kwenye kuta za mnara uliosanifiwa na Edwin Lutyens, pamoja na majina karibu 35,000 ya waliofia eneo hili kati ya 1916 na Agosti 1918. Majina hayakupangwa kwa alfabeti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwanza rejimenti, halafu cheo, ndipo jina la ukoo. Kwa hiyo nenda sehemu ya 7, tafuta Middlesex Regiment, shika orodha ya maluteni usu, shuka mpaka T. Ukianzia kwa askari wa kawaida, ambao ndio wengi zaidi, shingo itakuuma bure.

Cheo hicho kina uzito wake. Tull alijiunga na jeshi Desemba 1914, katika Batalioni ya 17 ya Middlesex, ile ya wanasoka. Kanuni za jeshi zilimfungia njia ya uofisa mtu asiye wa asili ya Ulaya, lakini Mei 1917 akaupata. Vibao na makala nyingi humwita ofisa wa kwanza mweusi wa Uingereza. Mimi siliandiki hilo: George Bemand, mwenye asili ya Jamaika, alikuwa ofisa tangu 1915. Sifa za Tull zinatosha bila kuongezwa chumvi. Kule Italia aliongoza doria ya kuvuka mto Piave na kuwarudisha watu wake salama, akasifiwa kwa maandishi na Meja Jenerali Lawford.

Hapo Arras usikubali pia kuambiwa kwamba alipigana Delville Wood, katika mapigano ya Somme, pamoja na batalioni yake mwishoni mwa Julai 1916. Mei alikuwa ameshaondolewa mstari wa mbele kwa mshtuko wa vita, na Ufaransa alirudi Septemba.

Alipouawa, tarehe 25 Machi 1918, ni karibu na Favreuil, kaskazini kidogo ya Bapaume. Ni zaidi ya kilomita 20 kutoka Arras kwa barabara ya D917, na gari linahitajika. Ukifika utaona mashamba tupu, hayana kichaka wala ukingo wa kujificha. Siku hiyo Wajerumani walikuwa wakisonga mbele na Waingereza wakirudi nyuma. Askari wake, mmoja wao aliyewahi kudaka Leicester, walijaribu kumtoa, lakini risasi zikawazidi na ardhi ikaangukia mikononi mwa adui.