Memrista, hesabu inapigwa palepale namba zilipolala

Jamani hii kitu ya memrista imenikaa kichwani wiki nzima, acha niitoe hapa.

Wengi tunadhani kompyuta inakula umeme kwa sababu inapiga hesabu. Wala! Hesabu yenyewe cha mtoto, kinachokula umeme ni safari. Kwenye chipu za nanomita 45 kujumlisha namba mbili nzima za biti 32 ni kama pikojuli 0.1 tu (kipimo kidogo sana cha nishati), ila kuivuta namba moja kutoka DRAM, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta, ni kama 640. Yaani unaenda kisimani kuchota kijiko kimoja, unarudi, unaenda tena, kutwa nzima.

Sasa memrista ni kijidude cha umeme kinachokumbuka ukinzani wake (kinavyozuia umeme kupita) hata ukizima umeme. Leon Chua alikitabiri kwenye karatasi 1971, watu wakamwacha na nadharia yake mpaka 2008 maabara za HP wakasema tumekipata, kwenye titani dioksidi (wapo wanaobisha mpaka leo kama ndicho chenyewe, mimi simo).

Utamu uko hapa. Chukua waya za wima na za mlalo kama wavu, kila zinapokutana weka memrista, namba zako zikae humo kama upitishaji wa umeme. Ukitia volteji upande mmoja, ile sheria ya Ohm tuliyokariri shule inakuzidishia volteji kwa upitishaji, halafu mikondo inakutana kwenye waya wa chini na sheria ya Kirchhoff inakujumlishia, zote kwa mpigo, hakuna namba iliyohama. Na AI karibu yote ni hiyohiyo, kuzidisha na kujumlisha basi.

Mbona hatuna kwenye simu basi? Jibu linatoka la analogi (mkondo wa umeme, sio 0 na 1), lazima ligeuzwe digitali, na hicho kigeuzi kinaweza kula umeme kuliko wavu wenyewe 😂 yaani umeokoa huku unalipa kule. Halafu memrista mbili haziwi sawasawa hata zikitoka kiwanda kimoja, na thamani zinahamahama. Ila watu wanasogea, chipu ya utafiti ya NeuRRAM ya 2022 ilikuwa na memrista kama milioni 3.

Mimi naziona zaidi kwenye kutumia modeli ya AI iliyokwisha kufundishwa, unaandika namba mara moja unazisoma weee mpaka uchoke. Kufundishia bado nina wasiwasi, maana kule unaandika upya kila saa na hivi vidude vikiandikwaandikwa vinachakaa.