Kukokotoa Utendaji wa Seli ya Haidrojeni kwa Hewa ya Tabora

Maelezo mengi ya seli za mafuta zenye utando (vifaa vinavyozalisha umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni ya hewa, vikitenganisha gesi hizo kwa utando mwembamba unaopitisha protoni) huchukulia mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari, yaani takribani kilopaskali 101, ilhali Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa huo na mgandamizo wake ni kama kilopaskali 88. Nilitaka kujua pengo hilo lina uzito gani kabla ya kumshauri mtu yeyote wa hapa anunue kifaa cha namna hiyo, nikaamua kujenga kielelezo changu katika lahajedwali ya kompyuta.

Hesabu huanza na volti 1.23 za kinadharia, kisha huondolewa hasara tatu: ya kuanzisha mmenyuko, ya ukinzani wa utando, na ile inayotokea gesi inapochelewa kufika kwenye kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko. Hasara hii ya tatu ndiyo iliyonionyesha kwamba Tabora inadai hesabu yake yenyewe.

Kwa kuwa utando hupitisha protoni vizuri ukiwa na maji, nilichukulia hewa iliyoshiba mvuke. Kwenye nyuzijoto 80 za Selsiasi, mvuke pekee huchukua kilopaskali 47 na kuacha 41 za hewa kavu. Oksijeni ikiwa asilimia 21 ya hewa hiyo, kichocheo hupata kilopaskali 8.6 tu, wakati pwani kingepata 11.3. Nilipoteremsha joto hadi nyuzi 60, mvuke ulishuka hadi kilopaskali 20 na oksijeni ikapanda hadi 14.3. Mlinganyo wa Nernst, unaoonyesha jinsi volti inavyobadilika na mgandamizo wa gesi, huihesabu tofauti hii kuwa milivolti chache, lakini mkondo wa juu kabisa ambao seli inaweza kuutoa hufuata kiasi cha oksijeni, na ndiyo maana mchoro wa volti dhidi ya mkondo kwa nyuzi 80, uliokuwa juu ya mwenzake mkondo ulipokuwa mdogo, uliporomoka mapema zaidi.

Kiangazi nacho kina lake. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 30, ikipashwa hadi nyuzi 60 bila kuongezwa maji, hubaki na unyevu wa asilimia 6 hivi. Hewa kavu namna hiyo huukausha utando, na utando mkavu hupitisha protoni vibaya: kwa mlinganyo wa watafiti Springer na wenzake wa mwaka 1991, utando wenye molekuli 4 za maji kwa kila kundi la asidi hupitisha protoni kwa robo tu ya ule wenye molekuli 14.

Kwa kifaa kisicho na kompresa, basi, napendekeza kwa dhati nyuzi 60 hadi 65 pamoja na chombo cha kulowanisha hewa. Kompresa ikiongeza mgandamizo hadi kilopaskali 150, oksijeni kwenye nyuzi 80 hufika 21.6 na joto hilo huanza kulipa. Ila umeme wa kuiendesha hutoka kwenye seli hiyohiyo, nami nimeutengea safu yake katika jedwali ili uondolewe kabla matokeo hayajasomwa.